Programu za kuchorea samani kwa sisi maseremala wa wikendi: nilipie au za bure zinatosha?

Mpiga Randa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mchana niko ofisini, useremala ni wa jioni na wikendi, uani kwangu hapa Morogoro. Vifaa ni msumeno wa umeme wa mkononi, keekee, randa ya mkono, patasi na klampu chache. Michoro yangu yote imekuwa kwenye daftari la miraba. Stuli, meza ya sebuleni, kitanda cha mtoto, vyote vilitoka humo. Sasa nataka kutengeneza rafu ya vitabu kwa bodi, na baada ya hapo kabati la nguo lenye droo, na hapo daftari linaanza kunielemea. Bei ya bodi mnaijua wenyewe.

Nimeanza na SketchUp ya bure, ile ya kwenye kivinjari. Mkono umeizoea na naipenda. Tatizo ni kwamba bila bando haifunguki, na haipokei plagini (programu ndogo za nyongeza), kwa hiyo orodha ya vipande vya kukata naandika kwa mkono kama zamani. Nikaangalia za kulipia: SketchUp Go ni zaidi ya dola 100 kwa mwaka, Pro inakaribia dola 400. Mmoja kaniambia nihamie Fusion, ina leseni ya bure kwa watu wa hobi. Mwingine kanitajia FreeCAD, halafu yeye mwenyewe akanionya kuwa itanitoa jasho.

Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 8. Natengeneza vitu vichache kwa mwaka, vingi vya nyumbani, mara mojamoja cha jirani au shemeji. Je, kulipia kuna maana kwa mtu kama mimi? Na kama ni ya bure, ipi haitaniacha njiani?

Naomba kuwasilisha.

Saiprasi

Mkuu, kaa hapohapo kwa SketchUp. Umeshaizoea, unatafuta nini tena?

Kona Mraba

Mpiga Randa, kabla hujatoa kadi ya benki, kuna jambo wengi hawaliangalii: Go haitatatua shida uliyoitaja. Go ni ya kivinjari na iPad. Plagini zinaingia kwenye SketchUp ya kusakinisha kwenye kompyuta, na hiyo unaipata kuanzia Pro. Utalipa zaidi ya dola 100 na orodha ya vipande utaendelea kuiandika kwa mkono.

Tuangalie pia hizi programu zilikotoka. SketchUp ilitoka mwaka 2000. Google wakainunua 2006 wakatoa toleo la bure, na ndivyo maseremala wa wikendi dunia nzima walivyoijua. Mwaka 2012 ikaenda kwa kampuni ya Trimble. Toleo la mwisho la bure la kusakinisha, SketchUp Make, ni la 2017. Baada ya hapo ya bure ikabaki ya kivinjari. Hata waliokuwa tayari kununua mara moja na kumaliza, mlango wao ulifungwa mwishoni mwa 2020. Sasa ni ada ya kila mwaka.

Fusion nayo hivyohivyo. Leseni ya hobi ilikuwa pana, lakini kuanzia mwishoni mwa 2020 Autodesk, wenye Fusion, wakaibana: mafaili 10 tu yanayoharirika kwa wakati mmoja, mengine unayalaza katika hali ya kusomwa hadi utakapoyahitaji. Kwa mtu wa rafu na kabati, 10 zinatosha. Nachosema ni kwamba masharti yalibadilika watu wakiwa na michoro yao ndani.

Kwa hiyo suala la bure au kulipia mimi naliweka la pili. La kwanza: wakibadili masharti kesho, mchoro wako uko wapi na unafunguka? Programu ya mtandaoni ni nyumba ya kupanga. Paka rangi unayotaka, ila kufuli ni la mwenye nyumba. Hapo FreeCAD inazishinda zote: faili liko kwenye diski yako, haiulizi akaunti, haiulizi intaneti, na leseni yake haimpi mtu nafasi ya kuja kuifunga.

Jasho lipo, sikudanganyi.

Flashi Mkononi

Mnajipa shida bure wakuu. Mjini hapa SketchUp Pro iliyovunjwa inapatikana, unapeleka laptopu unawekewa na plagini zote juu. Dola 400 za nini?

Mama Msasa

Flashi Mkononi, hiyo laptopu ndiyo unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki? Programu iliyovunjwa maana yake kuna mtu amefungua faili la programu akaingiza kitu chake ndani, halafu anakuambia uzime antivairasi wakati wa kusakinisha. Kwa nini unadhani anataka uizime?

Tena ingekuwa hakuna njia nyingine ningekuelewa. Njia ya halali isiyo na gharama ipo, sasa wizi wa nini?

Mzee wa Patasi

Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi wote. Nimefanya useremala tangu Mwinyi yuko Ikulu na sijawahi kufungua kompyuta kwa ajili ya kabati.

Sisi tunatumia fimbo. Unachukua ubao mwembamba ulionyooka, urefu wa kitu unachotengeneza, unasimama nao palepale kinapokwenda kukaa. Unaweka alama: hapa sakafu, hapa rafu ya kwanza, hapa swichi ya taa, hapa dari. Upande wa pili unaweka alama za upana. Ukirudi kwenye meza ya kazi husomi namba yoyote, unahamisha alama kutoka kwenye fimbo kwenda kwenye mbao. Futi kamba inaweza kudanganya, ile ndoano ya mbele ikilegea inaongeza milimita. Fimbo haina ndoano.

Halafu niwaulize: hiyo programu yenu inajua kuwa mbao ya paini mliyouziwa jana bado mbichi?

Mpiga Randa

Shikamoo mzee wangu. Hilo la fimbo nimelichukua. Ila kwa bodi inayokatwa dukani nitafanyaje? Yule kijana wa mashine anataka orodha ya namba, na nikimpa anakata zote kwa mkupuo mmoja.

Mzee wa Patasi

Marahaba. Kwa bodi andika orodha, sikatai. Bodi haitembei. Mbao ndiyo inatembea, inasinyaa na kuvimba.

Kona Mraba

Mzee amegusa palepale. Tuanze na hiyo rafu ya vitabu, tuone programu inasaidia wapi hasa. Vipimo nabuni mwenyewe, vyote kwa milimita, Mpiga Randa utarekebisha.

Urefu 1800, upana wa nje 800, kina 300, bodi ya milimita 18. Mbavu mbili, yaani kuta za pembeni, za 1800 kwa 300. Juu, chini na rafu nne za kati: vipande sita. Zikikaa katikati ya mbavu, urefu wa kila kimoja ni 800 kutoa 36, yaani 764. Mgongo ni ubao mwembamba, tuuache.

Bodi ya futi nane kwa nne ni 2440 kwa 1220. Blade inakula kama milimita 3 kila inapopita. Ukipasua upana wa 1220 kuwa mikanda minne ya 300, ni 1200 jumlisha njia tatu za blade, 1209. Inaingia. Mikanda miwili inatoa mbavu. Mikanda miwili iliyobaki, kila mmoja unatoa vipande vitatu vya 764: 2292 na njia za blade, bado uko ndani ya 2440. Rafu nzima imetoka kwenye bodi moja, unabaki na vipande viwili vya sentimita 63 hivi ambavyo ni droo ya baadaye.

Sasa fanya kama wanavyofanya wengi: kina kiwe futi moja kamili, maana bodi ni futi nne na nne kugawa kwa nne ni moja. Futi moja ni milimita 304.8. Mara nne ni 1219.2, ongeza njia tatu za blade, 1228. Haiingii! Mkanda wa nne utatoka na milimita 296 hivi, na kama mbavu moja imetoka humo, rafu yako ina bega moja fupi. Ama unanunua bodi ya pili kwa sababu ya nusu sentimita.

Hesabu hiyo ndiyo inayookoa hela, na haihitaji programu ya dola 400. CutList Optimizer ipo kwenye kivinjari, matumizi madogo ni bure. MaxCut, ya wenzetu wa Afrika Kusini, ina toleo la bure la Windows linalofanya kazi bila intaneti. Unaingiza vipande, unene wa blade na ukubwa wa bodi, inakupangia. Ukiwa na SketchUp ya kusakinisha, plagini ya OpenCutList inafanya yote mawili, orodha na mpangilio, nayo ni bure.

Ngazi Tatu

Kona Mraba hiyo ya futi moja imeniacha mdomo wazi 😂 Siku zote nalaumu mashine ya duka.

Thika Wikendi

Salamu kutoka Kenya. Mimi niko upande wa Fusion, leseni ya bure ya hobi, na sioni wapi mnapata shida. Unabadilisha namba moja na kabati lote linajipanga upya. Droo nikiichora mara moja naitumia kila mahali. Michoro ya vipimo inatoka safi kabisa, unaiprint unaibandika ukutani gereji.

Kasoro zake nitazisema mwenyewe. Haina toleo rasmi la Linux. Unaweza kufanya kazi bila intaneti, lakini kwa muda tu, kisha lazima iingie mtandaoni ithibitishe akaunti. Kama una mashine ya CNC, ile inayokata yenyewe ikiongozwa na kompyuta, leseni ya hobi imeondolewa ile mienendo ya kasi ya blade ikiwa juu ya mbao, kazi inachukua muda zaidi. Mimi sina CNC kwa hivyo hainihusu.

Kuhusu kulipa kutoka huku kwetu, hiyo si kizuizi tena. M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni tangu 2022. Ukilipia chochote, zima tu ile kujilipia yenyewe mwaka ukiisha.

Mama Msasa

Thika Wikendi umeruka sharti kubwa. Leseni ya hobi ya Fusion ni ya kazi zisizo za biashara, na mapato yako kwa mwaka yasifike dola 1000. SketchUp ya bure nayo ni ya matumizi binafsi. Mpiga Randa amesema anatengenezea jirani na shemeji. Shemeji akilipa bodi tu, sawa. Jirani akilipa na ufundi, na jirani wa jirani akaja, umeshaondoka kwenye hobi bila kuaga. Hakuna atakayekuja Morogoro kukukamata, najua, lakini akaunti wanaweza kuifunga na michoro iko kwao.

FreeCAD hilo halipo. Chora cha kwako, chora cha kuuza, ni sawa.

Thika Wikendi

Nimekubali hiyo, dada. Lakini nawe sema ukweli wa FreeCAD. Niliijaribu zamani: unabadilisha upana wa ubavu, tundu ulilokuwa umeweka juu linahamia upande wa chini. Nikafunga laptop nikalala.

Mama Msasa

Ukweli mtupu, na kila aliyeitumia zamani ana kisa hicho. Chanzo chake ni kwamba programu ilikuwa inazipa nyuso za kipande namba, uso wa kwanza, wa pili, wa tano. Ukibadili umbo, inahesabu upya, uso wa tano sasa ni mwingine, na tundu linafuata namba. FreeCAD ilianza 2002 na ilikaa na kasoro hiyo miaka mingi. Toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ndilo lililoishughulikia, na likaja pia na sehemu ya kuunganisha vipande ndani yake. Kama mlikimbia kabla ya hapo, rudini muione. Bado inaweza kukorofisha kwenye maumbo magumu, lakini kabati ni masanduku tu.

Mpiga Randa, nikueleze naitumiaje, maana wengi wanaanzia pagumu. Ndani ya FreeCAD kuna jedwali la hesabu. Seli moja naiita unene, nyingine upana, kina, urefu. Nikichora rafu, kwenye urefu wake siandiki 764. Naandika upana kutoa unene mara mbili. Mbavu, kina chake ni kina. Kila kipande kinasoma jedwali.

Faida yake inaonekana ukifika dukani. Bodi imeandikwa 18, uipime kwa venia (kifaa cha kupimia unene) ukute 17 au 17 na nusu. Kwenye daftari, au kwenye mchoro wa SketchUp, utapita kipande kwa kipande ukirekebisha. Mimi nabadili seli moja, rafu zinakuwa 766, vijiti vya kushikilia mgongo vinafuata, na mfereji wa kuingiza rafu kwenye ubavu nao unapungua. Mfereji wa 18 kwa bodi ya 17 unacheza, gundi haishiki vizuri.

Kwa mbao ndiyo zaidi. Ubao wa inchi moja ukipigwa randa pande zote mbili unabaki milimita ishirini na kitu, na mbao mbili za mzigo uleule hazilingani. Kwa hiyo napiga randa kwanza, napima, ndipo naingiza unene halisi kwenye jedwali na kutoa orodha. Kuchora naanza mapema, ila orodha ya kukata inatoka mwisho kabisa.

Kuna pia kiongezi cha useremala ndani ya FreeCAD, kinaitwa Woodworking, unakipata kwenye orodha yake ya viongezi. Kinakuundia paneli, rafu na mbele za droo, na kinakutolea orodha ya vipande. Bure.

Keko Mbele

Mimi nalipia Pro na sijuti. Naomba nieleze kwa nini, ili Mpiga Randa aone kama anafanana na mimi.

Nina karakana na vijana. Mteja anakuja na picha ya simu, anataka kabati la ukuta mzima. Nachora mbele yake, nazungusha, nampa rangi, anasema droo ziwe tatu siyo nne, nabadili hapohapo. Akitoka ameshalipa malipo ya awali. Kisha natoa karatasi za vipimo kwa vijana, kila mmoja na yake, hakuna wa kuniuliza mara mbili. Kwa mwaka, kazi moja nzuri inalipia ada na chenji inabaki.

Mwenye hobi hana mteja wa kumvutia wala vijana wa kuwapa karatasi. Anamchorea nani? Kama ni kumwonyesha mama watoto kabati litakavyokaa chumbani, chukua Sweet Home 3D: bure, nyepesi, haihitaji intaneti. Chora chumba, weka milango na madirisha, weka boksi la ukubwa wa kabati, muone kama mlango wa chumba unafunguka wote. Mlango ukigonga kabati, hata FreeCAD na Pro kwa pamoja hazikusaidii.

Saiprasi

Lakini wakuu, mnahesabu hela hamhesabu jioni. Mtu ana masaa machache ya wikendi. Akae anajifunza jedwali la FreeCAD wakati SketchUp angeshamaliza na anapiga msasa? Mimi hobi yangu ni mbao, kompyuta nimeiacha ofisini.

Kona Mraba

Hoja nzito hiyo, sitaipinga kwa mtu anayetengeneza kitu tofauti kila mara: stuli leo, ubao wa chapati kesho. Huyo SketchUp ya bure inamtosha, na hata daftari linamtosha. Ila anayekwenda kwenye makabati anarudia kitu kilekile kwa vipimo tofauti. Jedwali la kabati la kwanza ndilo la kabati la tano. Jioni alizozitoa mwanzo zinarudi.

Simu Tu

Na sisi tusio na kompyuta?

Ngazi Tatu

Onshape ina programu ya Android, na akaunti ya bure ipo. Sharti lake: mchoro wako wa bure unaonekana na dunia nzima, na usiwe wa biashara. Kwa stuli nani anajali. Ila kwenye kioo kidogo vidole vinachoka. Ningekuwa wewe ningechora kwenye karatasi, kisha hesabu ya bodi nikaifanya kwenye CutList Optimizer kwa simu. Hiyo inakwenda vizuri.

Mzee wa Patasi

Nimerudi. Bado hamjanijibu la mbao mbichi, basi nijijibu.

Meza ya mbao ukiitengeneza Dar, hewa ina unyevunyevu, ukampelekea ndugu yako Dodoma, uso utasinyaa kwa upana. Kwa urefu haisinyai ya kuonekana. Kama umeufunga kwa gundi na misumari kwenye fremu pande zote, hauna pa kwenda, utapasuka katikati. Mninga unavumilia sana, ndiyo sababu tunaupenda. Paini isiyokauka haivumilii. Dawa yake ni kuushika uso kwa skrubu zilizo kwenye matundu marefu, ili mbao isogee na skrubu isogee nayo.

Kwenye kioo cha kompyuta mbao ni ileile kiangazi na masika. Kijana anaona imekaa sawa, anaridhika. Mchoreni mnavyotaka, ila hayo matundu marefu muyachore pia.

Mama Msasa

Mzee, shikamoo. Naongezea la rafu zenyewe kwa sababu hakuna aliyeligusa. Rafu ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18, urefu wa 764, ikijaa vitabu italegea katikati baada ya muda. Programu zote tulizotaja zitaichora imenyooka daima. Ukiweka ukuta wa kusimama katikati, urefu ukawa nusu, kwa uzito uleule kwa kila sentimita mnyumbuko unashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Hutaki ukuta wa kati? Gundisha ubao wa inchi moja kwa mbili, umesimama, kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu. Plywood nayo ni ngumu kuliko MDF ya unene uleule. Mtandaoni kuna kikokotoo cha bure kinaitwa Sagulator: unaweka aina ya mbao, urefu, unene na uzito, kinakwambia italegea kiasi gani.

Flashi Mkononi

Sawa wakuu, nimepakua FreeCAD. Mbona vitufe vingi hivi kama chumba cha rubani?

Mama Msasa

😂 Usivitazame vyote. Juu kuna sehemu ya kuchagua benchi la kazi. Chagua la Part, weka mchemraba, uubadilishe urefu, upana na kimo kwenye orodha ya pembeni. Huo ndio ubavu wako wa kwanza. Kabati zima linaweza kutoka na michemraba tu. Mengine utayahitaji siku ukitaka mguu wa meza uliopinda.

Mpiga Randa

Wakuu, nimewasoma wote na nawashukuru. Nilipofikia ni hivi. Silipii Go. SketchUp ya kivinjari nabaki nayo kwa kuwaza umbo tu, pale bando likiwepo. Kabati na rafu zinahamia FreeCAD kwa mtindo wa jedwali, na hesabu ya bodi kwa MaxCut. Fusion nimeipenda, ila jirani ameshaanza kuulizia bei ya kitanda, nisije nikaondoka kwenye hobi bila kuaga kama alivyosema dada. Rafu ya vitabu naiwekea ukuta wa kati.

Swali moja la mwisho kabla sijaenda dukani. Nataka ejingi (utepe wa kufunika ukingo wa bodi) ya milimita 1 kwenye kingo zote za mbele. Kina kwenye orodha niandike 300 au 299? Na duka likiwa na blade ya milimita 4 badala ya 3?

Kona Mraba

Andika 299, ejingi itarudisha 300. Lakini fanya hivyo mahali pamoja tu. Programu za kupangia bodi huwa zina sehemu yake ya kuingiza ejingi, nayo inaweza kukupunguzia yenyewe. Kama umeshapunguza kwenye jedwali la FreeCAD, huko acha sifuri, la sivyo utapunguza mara mbili.

Blade ya 4 haina shida: mikanda minne ya 299 ni 1196, njia tatu ni 12, jumla 1208. Inabaki milimita 12, na hizo mwambie kijana wa mashine azitumie kunyoosha ukingo wa kiwandani kabla hajaanza, kwa sababu kingo za bodi mara nyingi zimegongwagongwa njiani. Ukuta wako wa kati uingize kwenye hesabu upya, kwa sababu sasa rafu nne za kati zinakuwa nane fupi, kila moja kama 373, na ukuta wenyewe unataka mkanda wake wa 1764. Bodi moja haitoshi tena kwa hapo, uende ukijua.

Mpiga Randa

1764 kwa nini siyo 1800?

Kona Mraba

Unakaa kati ya kipande cha juu na cha chini. 1800 kutoa unene mara mbili. Kwenye jedwali uandike hivyohivyo, na bodi ikitoka 17 utapata 1766 bila kugusa kitu.